Walio Chini ya Mawe

Maji ya Kabianga hayana njia nyingine ila Sondu. Mvua inayonyesha juu ya mashamba ya chai ya Belgut, Kericho, juu ya mapaa ya shule ya serikali iliyoanzishwa Kabianga mwaka 1925 na ya chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013, huteremka mabondeni kwa vijito ambavyo mtoto anaweza kuviruka. Huko chini vijito hivyo huchanganyika na maji makubwa yatokayo msitu wa Mau: Kiptiget, Itare, Chemosit, Kipsonoi. Yote huishia katika Ghuba ya Winam kwa jina la Sondu-Miriu. Upande wa Bomet, mto Nyangores hutoka katika msitu uleule lakini huelekea kusini, ukaungana na Amala na kufanya mto Mara.

Kwa miongo mingi mito hii imekuwa ikipimwa. Umepimwa wingi wa maji yake, limepimwa tope lake, imepimwa mbolea iliyomo. Waliochelewa kuulizwa ni wale wanaoishi humo: lava wa wadudu, kaa, konokono na samaki, ambao hukaa katika maji hayo mchana na usiku na ambao kuwepo au kutoweka kwao hueleza yaliyopita mtoni kuliko chupa yoyote ya maabara. Historia ya namna walivyofikiwa haikwenda kwa mstari ulionyooka, na mwanzo wake una machungu ndani yake.

Chai ya biashara ilifika Kericho katikati ya miaka ya 1920, kwa mikono ya Brooke Bond na James Finlay. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, sehemu yake ilikuwa imegawiwa maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ili walime kitani, na mpango huo ukafa kabla haujakomaa. Misitu ya miinuko ikafyekwa, miche ikapandwa, laini za wafanyakazi zikajengwa, na watu kwa maelfu wakawa wanahitaji mahali pa kuteka, kuoga, kufua na kujisaidia. Mito ikaanza kubeba vitu ambavyo haikuwa imevibeba kabla.

Wakati huo, elimu ya kupima maji machafu ilikwisha kukomaa Ulaya. Mwaka 1888 Lajos Winkler wa Budapest alikuwa amebuni njia ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini kwa kemikali chache na chupa ya kioo. Uingereza, ambako mito ilikuwa inanuka kwa kinyesi cha miji ya viwanda, iliunda Tume ya Kifalme ya kuchunguza maji taka mwaka 1898. Tume hiyo ndiyo iliyoeneza kipimo kinachotumika hadi leo: maji hufungwa kwenye chupa gizani kwa siku 5, kisha huangaliwa ni oksijeni kiasi gani imeliwa na bakteria wanaoozesha uchafu. Katika ripoti yake ya 8, ya mwaka 1912, ilipendekeza kwamba maji taka yaliyosafishwa yasile zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita, wala yasiwe na zaidi ya miligramu 30 za chembechembe.

Ujerumani ilifuata njia nyingine. Richard Kolkwitz na Maximilian Marsson, waliofanya kazi Berlin, walichapisha mwaka 1908 orodha ya mimea ya majini na mwaka 1909 orodha ya wanyama, kila mmoja akiwekwa mahali pake: huyu huishi penye uchafu mwingi, huyu penye uchafu wa wastani, huyu penye maji safi tu. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifanyia kazi. Mto unaopokea uchafu hujisafisha kadiri unavyosonga, na viumbe hupangana kando yake kufuata hatua hizo. Anayewajua kwa majina anaweza kusimama popote mtoni akasema uchafu uko umbali gani juu yake.

Miche ya kwanza ya mashamba makubwa ya Kericho ilipotiwa ardhini, orodha hizo zilikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Hazikuja pamoja na chai. Kilichokuja ni samaki mmoja. Trauti walikuwa wameletwa Kenya tangu mwaka 1905, mayai yao yakisafirishwa kutoka Uskoti, na baadaye wakatiwa katika mito baridi ya miinuko, ya Kericho ikiwemo, ili walowezi wapate kuvua. Trauti hawezi kuishi katika maji ya joto, wala yenye tope zito, wala yaliyopungukiwa oksijeni. Na hapa miinuko huongeza ugumu. Kwenye kimo cha mita 2,000, maji ya nyuzijoto 18 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 7 na nusu hivi kwa lita, ilhali pwani maji ya joto hilohilo hubeba zaidi ya 9. Kiumbe wa mto wa Kericho huanza maisha akiwa na akiba ndogo. Uchafu unaoila akiba hiyo humfikia haraka.

Watu wa kwanza kuyapindua mawe ya mito ya magharibi mwa Kenya kwa makini ya kisayansi walitumwa na ugonjwa. Katika mabonde yenye miti ya Nyanza, watu walikuwa wakiwashwa ngozi hadi inakauka na kukunjamana, na wengine wakipofuka. Chanzo kilikuwa minyoo midogo inayoenezwa na usubi, inzi mdogo mweusi anayeuma mchana kando ya mito. Aina iliyohusika hapa, Simulium neavei, ilikuwa imepewa jina na Mfaransa Émile Roubaud mwaka 1915. Wakubwa wake walijulikana vyema, kwa kuwa walikuwa wakiuma. Watoto wake hawakuonekana. Lava wa usubi wa aina nyingine hujishika kwenye mawe na majani penye maji ya kasi, na mtu akilitoa jiwe huwaona. Wa huyu walitafutwa kwa miaka zaidi ya 30, mto kwa mto, wasipatikane.

Hata hivyo vita vikaanza bila kumjua adui anakolala. Mwaka 1946 P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walitia DDT katika mito ya Kodera, karibu na Oyugis, kusini mwa Sondu. Dawa iliteremka na maji, na usubi wa Kodera ukaisha. Siri yenyewe ilifichuka baadaye. Mwaka 1950, katika jarida la Nature, van Someren na McMahon walieleza kwamba walikuta lava wa usubi wakiwa wamepanda juu ya mdudu mwingine wa mtoni, Afronurus, wa kundi la efemeroptera. Jambo hilo likawafanya waangalie migongo ya wanyama wengine, na huko wakamkuta mtoto wa neavei: amejishika kwenye gamba la kaa. Kila aliyegeuza jiwe miaka hiyo yote, kaa alikuwa akikimbia na siri hiyo mgongoni.

Baada ya hapo kazi ikaenea katika mito ya Nyanza, na mwaka 1958 McMahon na wenzake, Highton na Goiny, walitangaza katika taarifa ya Shirika la Afya Duniani kwamba neavei ameangamizwa Kenya. Ni ushindi halali. Kuna watu walioona wajukuu wao kwa sababu ya kazi ile, na mimi sithubutu kuuhukumu uamuzi wa daktari aliyekuwa mbele ya kijiji cha vipofu. Lakini ni lazima isemwe kwamba DDT haichagui. Afronurus yuleyule aliyeonyesha njia alikuwa mdudu wa mawe, na dawa ilipita juu ya mawe yote. Mwaka 1962 H. B. N. Hynes na T. R. Williams walichapisha uchunguzi wa athari za DDT kwa wanyama wa kijito kimoja nchini Uganda. Hynes alikuwa ametoa miaka miwili kabla yake kitabu kizima juu ya biolojia ya maji yaliyochafuliwa. Kwa kazi kama hiyo, katika kanda yetu swali likaanza kugeuka: badala ya kuuliza mdudu huyu anatudhuru vipi, kuuliza sisi tumemfanya nini, na hali yake inatuambia nini kuhusu maji.

Kericho kwenyewe, wakati huohuo, swali lililowashughulisha wataalamu lilikuwa la wingi wa maji. Charles Pereira, mtafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki lililokuwa Muguga, alitaka kujua nini hutokea msitu wa milimani unapong'olewa na kupandwa chai. Watu walikuwa wakibishana kwa imani: wapo waliosema mito itakauka, wapo waliosema haitabadilika. Yeye na wenzake wakachagua mabonde mawili jirani ya Kericho. Bonde la Sambret lingefyekwa kwa sehemu na kupandwa chai. Bonde la Lagan lingeachwa na msitu wake kama lilivyo. Mahali maji yanapotokea wakajenga kingo za kupimia, wakaweka vipima mvua, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaandika kila tone. Majaribio kama hayo yalifanywa pia Kimakia katika milima ya Aberdare, Mbeya kule Tanganyika na Atumatak huko Karamoja, na matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 1962.

Kazi ya Sambret na Lagan inastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa katika kaunti zetu. Ilichukua miaka mingi, ikavuka uhuru, na hesabu yake kamili ikachapishwa mwaka 1979 chini ya J. R. Blackie na wenzake. Ilionyesha kwamba chai iliyokwisha kufunika ardhi haitumii maji mengi kuliko msitu. Hutumia pungufu kidogo. Hatari ilikuwa katika ile miaka ya kati, udongo unapokuwa wazi, msitu umekwisha kuondoka na chai haijafunga. Jibu hilo liliwapa wenye mashamba makubwa utulivu wa moyo. Ila lilikuwa jibu la swali moja. Lilihusu lita. Kama nani aliendelea kuishi chini ya mawe ya Sambret baada ya miti kuondoka, hilo halikuwa katika vitabu vya hesabu.

Chai ya wakulima wadogo ilikua sana baada ya Mamlaka ya Ustawi wa Chai, KTDA, kuundwa mwaka 1964. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha shirika la Nyayo Tea Zones, lililopanda mikanda ya chai ukingoni mwa misitu ili iwe mpaka. Mpaka huo haukuzuia mengi. Mwaka 2001 serikali ilitoa makumi ya maelfu ya hekta za Mau kwa makazi, na Kikosi Kazi cha Waziri Mkuu kilipoandika ripoti yake mwaka 2009, karibu robo ya msitu mzima ilikuwa imepotea katika miongo miwili. Kando ya vijito ikapandwa mikaratusi kwa ajili ya kuni za viwanda na nguzo za umeme. Mti huo hunywa maji kwa pupa, na mwaka huohuo wa 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru ung'olewe kandokando ya mito na kwenye chemchemi. Kuna jambo lingine ambalo amri ile haikuligusa: jani la mkaratusi ni gumu, lina mafuta makali, na wanyama wa mtoni walao majani hawalipendi.

Hao walao majani walizua mjadala wa kisayansi ambao ungefaa kujulikana na kila mwanafunzi wa Kericho na Bomet. Katika vijito vya Ulaya na Marekani, majani yanayoanguka majini hukatwakatwa na wadudu, na makombo yao hulisha wengine wote walio chini. Mwaka 2002 Michael Dobson, pamoja na watafiti wa Kenya Magana, Mathooko na Ndegwa, walichapisha utafiti wa vijito vya nyanda za juu za Kenya wakauliza kama wakataji hao ni haba katika nchi za joto. Waliwapata wachache mno. Kwa muda ikaonekana kwamba vijito vyetu ni tofauti kabisa, kwamba majani huozeshwa na bakteria na ukungu tu. Ndipo Frank Masese na wenzake wakaenda katika vijito vya juu vya bonde la Mara, yanakotoka maji ya Nyangores na Amala, wakachunguza matumbo ya wanyama mmoja mmoja badala ya kuwakisia kwa majina ya jamaa zao wa Ulaya. Mwaka 2014 walionyesha kwamba wakataji wapo, tena wa aina nyingi, hasa penye kivuli cha miti ya asili. Kaa walikuwa miongoni mwao, na kwa uzito wao walichukua sehemu kubwa. Kiumbe aliyebeba mgongoni lava waliowindwa kwa sumu katika miaka ya 1950 alikuwa mfanyakazi mkuu wa kijito.

Utafiti ule ulikuwa na maana kubwa kwa jambo tunalolizungumzia. Ukiupima mto kwa viumbe vyake huku ukitumia orodha ya Berlin au ya Uingereza, utaupotosha. Wadudu wa kundi la plekoptera, wanaohesabiwa kote duniani kuwa mashahidi wakali wa maji safi, ni familia nyingi Ulaya. Katika mito yetu karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Mtu aliyezoea mito ya Alps angetazama kijito kisafi cha Mau akakiita kibovu. Kila bonde lina mashahidi wake, na lazima wajulikane kwanza mahali pao.

Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia barani katika kazi hii. Mwaka 1972 Mark Chutter alitoa kipimo cha mito ya kule kwa kutumia wadudu, na kutoka hapo ukakua mfumo unaoitwa SASS, ambao toleo lake la tano lilichapishwa na Dickens na Graham mwaka 2002. Mpimaji huingia mtoni na wavu, hupiga mawe teke ili waliojishika waachie, humwaga walionaswa kwenye sinia jeupe, kisha huangalia familia zilizopo. Kila familia ina alama kutoka 1 hadi 15 kulingana na inavyoweza kuvumilia uchafu. Minyoo ya tope ina alama 1. Lava wekundu wa inzi wadogo waitwao kironomidi, ambao damu yao ina himoglobini kama yetu na kwa hiyo hupumua hata mahali pasipo na oksijeni ya kutosha, wana 2. Ruba ana 3, na kaa 3 vilevile. Familia ya Neoperla ina 12. Wale efemeroptera bapa wa familia ya Afronurus, waliojibana mwambani na wenye matamvua ya kupumulia ubavuni, wana 13.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua sinia lenye Neoperla, efemeroptera bapa, kaa na kironomidi: 12, 13, 3 na 2 ni 30, gawanya kwa familia 4, upate 7.5. Chukua jingine, lililojazwa chini ya mahali panapooshwa malori, lenye minyoo, kironomidi na ruba: 1, 2 na 3 ni 6, gawanya kwa 3, upate 2. Huenda chupa ya maji iliyochukuliwa asubuhi hiyohiyo kutoka sehemu zote mbili ikatoa majibu yanayokaribiana, kwa sababu malori huoshwa jioni, na maji ya jioni yamekwisha kufika Sondu. Wadudu hawakuondoka na maji. Wengi wao hukaa mtoni kwa wiki au miezi kabla ya kuota mbawa, na lililowapata usiku wa Jumanne bado limeandikwa katika idadi yao Jumamosi.

Tanzania ilijitengenezea mfumo wake kutokana na huo, TARISS, uliofanyiwa kazi na Lulu Kaaya na wenzake na kuchapishwa mwaka 2015. Kenya ilipitia njia ya pembeni kidogo. Mmarekani James Karr alikuwa ameonyesha mwaka 1981 kwamba afya ya mto inaweza kusomwa kwa kujumlisha vigezo vingi vya jamii ya samaki: aina ngapi, nani anakula nini, wangapi wanavumilia uchafu. Katika Chuo Kikuu cha Moi, Phillip Raburu, Masese na Mulanda walilichukua wazo hilo wakalijenga upya kwa wadudu wa mito ya juu ya bonde la Ziwa Victoria upande wa Kenya, na mwaka 2009 wakalichapisha. Mwaka 2012 Raburu na Masese wakatoa kipimo cha samaki wa mito hiyo. Hapo ningu na ndugu zake wakapata nafasi katika sayansi ya vipimo. Ningu hupanda kutoka ziwani mvua zinapoanza ili akatage mtoni, na wavuvi wa Nyanza walijua zamani, bila chati yoyote, kwamba mwaka ambao hapandi kuna jambo limeharibika.

Sheria ya nchi nayo ilikuwa ikijengwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilizaa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta vyama vya watumiaji maji katika mabonde. Na Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo kwa kila anayemwaga maji taka: oksijeni inayoliwa kwa siku 5 isizidi miligramu 30 kwa lita, chembechembe zisizidi 30. Ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi 30. Anayesoma jedwali la kanuni hizo anaisikia sauti ya Tume ya Kifalme ya 1912, chembechembe zikiwa zilezile 30. Wapo bakteria wa kinyesi ndani yake, na wapo madini mazito. Mdudu wa kwenye jiwe hayupo.

Kukosekana kwake kuna gharama katika nchi ya chai hasa, na ushahidi umetoka Mau ya Kusini Magharibi. Kikundi cha watafiti wa Kenya na Ujerumani, akiwemo Suzanne Jacobs, kilipima mabonde matatu: moja la msitu wa asili, moja la mashamba ya wakulima wadogo, moja la mashamba makubwa ya chai na miti. Mwaka 2017 walionyesha kwamba nitrati ilikuwa chache zaidi katika maji ya msitu na nyingi zaidi katika maji ya chai. Hilo halishangazi, kwani kila anayechuna majani huondoka na nitrojeni ya shamba, na mbolea hurudishwa kila mwaka kuijaza. Kisha mwaka 2020 Jaqueline Stenfert Kroese na wenzake wakatoa hesabu za tope, na mpangilio ukabadilika: bonde la wakulima wadogo lilimwaga tope jingi kupita mengine yote, mara kadhaa ya lile la chai, kwa sababu kichaka cha chai kilichofunga hushika udongo, na njia za ng'ombe na mashamba ya mahindi yasiyo na matuta hayaushiki.

Basi ni mto upi mchafu? Anayeulizwa kuhusu nitrati atamnyooshea kidole mwenye shamba kubwa. Anayeulizwa kuhusu tope atamnyooshea jirani yake mwenye ekari mbili. Mabishano ya aina hii tumeyasikia katika mikutano mingi ya hadhara, kila upande ukiwa na karatasi yake ya maabara, na kila karatasi ikiwa kweli. Efemeroptera bapa hana upande. Tope likijaza nafasi kati ya mawe, huziba matamvua yake na kumnyima pa kujishika. Mbolea ikiotesha mwani mzito, usiku mwani huo hula oksijeni, naye hufa. Kivuli kikiondolewa, maji hupata joto na oksijeni hupungua zaidi. Hali yake hujumlisha makosa yote ya bonde, ya mkubwa na ya mdogo, katika jibu moja ambalo hakuna anayeweza kulipinga kwa kuleta karatasi nyingine. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumwingiza katika kanuni. Hiyo pia ndiyo sababu ya kutaka kazi ya kumhesabu iwe mikononi mwa watu wa bondeni, si ya mtu anayekuja na gari mara moja kwa mwaka.

Kwamba watu wa bondeni wanaweza kuifanya limekwisha kuthibitishwa hapahapa. Kuanzia mwaka 2016, katika bonde la Sondu-Miriu, Björn Weeser na wenzake waliweka nguzo zenye alama za kina cha maji katika vituo 13, pamoja na bango lenye maelezo. Apitaye aliombwa asome alama na kuituma kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Hakuna aliyelazimishwa. Katika mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyokubalika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walikuwa watu wanaofika mtoni kwa shughuli zao, kuteka au kunywesha mifugo, na walijua zaidi ya walichoulizwa. Mtu anayefika mtoni kila siku huona povu, huona rangi ikigeuka, huona samaki wakielea, huona kaa wakipanda ukingoni wakikimbia maji. Nguzo iliuliza urefu tu.

Kuongeza sinia na wavu juu ya nguzo hiyo si jambo la gharama kubwa. Afrika Kusini ina toleo jepesi la SASS, miniSASS, lenye makundi 13 tu ya wanyama, ambalo hutumiwa na watoto wa shule. Kwa bonde letu lingehitaji alama zake zipimwe upya, kwa sababu nilizokwisha kueleza, na kazi hiyo inahitaji kitu kimoja ambacho hakinunuliwi. Kila kipimo cha aina hii huanza kwa kijito cha rejea, ambacho hakijaguswa, ili ijulikane nani wangepaswa kuwepo. Raburu na Masese walivihitaji vijito vya namna hiyo, kama Pereira alivyoihitaji Lagan ili aielewe Sambret. Kwa maji ya Kabianga na ya Sondu nzima, vilivyobaki vimo ndani ya msitu wa Mau ya Kusini Magharibi, chini ya miti inayoangusha majani laini na kuyatia maji kivuli. Neoperla wa vijito hivyo wanahitaji kuhesabiwa kijito kwa kijito. Hesabu hiyo inawezekana leo, kwa wavu, buti za mpira na kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, nayo ingefaa ianze kabla ya mashoka kufika kijito kingine.